Kariokor na Majina ya Marafiki Zangu

Kamati ya mazishi ilikutana Kariokor kwa sababu nyama ya pale haina bei ya kutisha, na hakuna mtu anayekufukuza mezani ukikaa saa tatu ukipiga hesabu. Tulikuwa watano. Mbele yetu kulikuwa na sahani ya mbuzi ambayo hakuna aliyekuwa anaigusa, kachumbari, na karatasi yenye orodha: jeneza, gari la kubeba mwili, bili ya mochari, tenti, viti, chakula cha wageni. Kila mara simu ya mweka hazina ilipolia, sote tulitazama kioo kuona nani katuma na ni ngapi.

"Wewe ndiye mwandishi," akaniambia bila kuinua macho. "Wasifu ni wako."

Marehemu alikuwa na miaka 24. Kama umewahi kuhudhuria mazishi Kenya, unaijua ile programu: picha mbele, tarehe mbili chini yake, kisha ndani vichwa vilivyo sawa miaka yote. Kuzaliwa. Masomo. Kazi. Ndoa. Ugonjwa na kifo. Ukimwandikia mzee wa miaka 80, shida yako ni kupunguza. Kwa mtu wa miaka 24, masomo yanajaza nusu ukurasa, halafu ndoa hakuna, watoto hakuna, kazi ni vibarua vitatu ambavyo hata yeye alikuwa anavicheka. Unafika kwenye ugonjwa kabla chai haijapoa.

Nilikaa na kalamu nikashindwa. Ili nisionekane nalia, nikaanza kusoma mabango ya maduka ng'ambo ya barabara. Kariokor hiki, Kariokor kile. Nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza miaka yote niliyokula nyama pale na kununua akala za mpira wa gari: hili jina ni la lugha gani?

*

Ni Kiingereza kilichopita midomoni mwa watu wetu. Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Pale soko lilipo palikuwa kambi yao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo maana Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao: Waingereza walipouteka mji ule mwaka 1916, wapagazi waliwekwa kambi huko pia. Miji miwili mikubwa inanunua nyanya na mitumba kwenye jina la kikosi kimoja.

Shuleni tuliipita vita hiyo kwa aya mbili. Nilikuja kuisoma vizuri baada ya kuacha chuo, usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, wiki zile nilipotakiwa niwe naandika wasifu.

Vita ilianza Ulaya katikati ya 1914, na kwa kuwa Waingereza walikuwa hapa na Wajerumani walikuwa ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, ikaletwa kwetu. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua hawezi kuwashinda Waingereza. Mpango wake ulikuwa kuwakimbiza, ili wanajeshi na pesa zao zipotelee msituni badala ya kwenda Ulaya. Aliwakimbiza miaka minne, Tanganyika nzima, hadi Msumbiji, na alisalimu amri Novemba 1918 katika eneo ambalo leo ni Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Jeshi linalokimbizana hivyo linahitaji chakula, risasi, dawa na mahema. Reli ilikuwa na mwisho wake. Barabara za magari hazikuwepo, na mvua ikinyesha hata njia iliyokuwepo iligeuka tope. Ng'ombe, farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o. Kukabaki kichwa cha binadamu.

Piga hesabu hii nami, maana waliopanga vita ile nao waliipiga. Mtu anabeba kilo 25 hivi. Anahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Ukimtuma safari ya siku 12 na kurudi siku 12, na mzigo wake ni chakula, anafika nyumbani akiwa ameumaliza karibu wote yeye mwenyewe. Kwa hiyo kumlisha askari mmoja mbali porini kulihitaji msururu wa watu, na watu wa kulisha msururu huo, na wengine nyuma yao. Njia nyingine ya kupunguza gharama ilikuwa kupunguza anachokula mpagazi.

Mwanzoni walikwenda watu wa kujitolea, wengine wakiahidiwa mshahara mzuri. Mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi kwa mpagazi mpya, na waliojitolea wakapungua. Mwaka 1915 sheria ikapitishwa ya kuwachukua kwa lazima. Mwaka 1917 ulikuja msako mkubwa kuliko yote, ukisimamiwa na John Ainsworth, na machifu wakapewa idadi ya vijana wa kuleta. Watu walijificha porini, wengine wakahamia kwa jamaa wa mbali. Waandishi wa maisha ya Jomo Kenyatta wanaeleza kwamba naye, wakati huo kijana wa ishirini na kitu, alikwenda kukaa kwa jamaa zake Wamaasai upande wa Narok wakati huo vijana wakisakwa. Nikisoma hapo nilisimama. Rais wetu wa kwanza angeweza kabisa kuwa kaburi lisilojulikana karibu na mto Rufiji. Ni wangapi waliokuwa na uwezo kama wake lakini hawakuwa na shangazi Narok?

Kwa jumla, upande wa Waingereza ulitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka pande zote za Afrika Mashariki na Kati. Kutoka nchi ambayo sasa ni Kenya walikaribia 200,000. Waliokufa kati ya hao wa Kenya walizidi 40,000. Ni kama mmoja kwa kila watano. Panda matatu ya watu 14 halafu utoe karibu watatu.

Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na tumbo na kifua: kuhara damu, malaria, nimonia. Vijana wa milimani waliteremshwa pwani na mabondeni bila blanketi la kutosha, wakalala kwenye mvua. Waliozoea viazi, ndizi au wimbi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na mtu aliyetembea kutwa na mzigo kichwani hana saa mbili za kupika hadi uive. Wakaula nusu mbichi. Matumbo yakakataa. Kesho yake safari.

Waliopona waliporudi nyumbani mwishoni mwa 1918, homa kubwa ya mafua iliyokuwa inazunguka dunia iliingia nao vijijini, na mwaka huo huo mvua ilikuwa imekataa.

*

Sasa nirudi kwa rafiki yangu, maana ni neno nimonia lililonirudisha.

Sitaandika majina ya marafiki zangu hapa. Majina yale ni ya mama zao kwanza. Nitasema tu kwamba tulikuwa saba, tulikutana mwaka wa kwanza chuoni, na tulikuwa na kikundi cha WhatsApp ambacho jina lake haliwezi kuchapishwa.

Wa kwanza kuondoka alikuwa yule mcheshi. Alikuwa anaendesha boda usiku kulipa karo. Alfajiri moja lori lilikata kona bila taa. Helmeti ilikuwepo, imening'inia kwenye usukani, kwa sababu abiria ndiye aliyekuwa akidai ya kuvaa na usiku huo hakuwa na abiria. Tulimzika, tukalia, tukabadilisha picha za wasifu mtandaoni kuwa mshumaa. Baada ya wiki mbili nilianza kuangalia kila boda kama ni yeye.

Hakuna aliyeiondoa namba yake kwenye kikundi. Tuliacha tu. Miezi ikapita, na siku moja, katikati ya mabishano ya mpira, kikundi kikaandika kwa maandishi madogo ya kijivu kwamba ameondoka. Akaunti ilikuwa imefutwa yenyewe kwa kukaa kimya. Hakuna aliyeandika kitu hadi siku ya pili. Manze, ile ilituuma kuliko kaburi.

Wa pili ndiye huyu wa wasifu. Mwaka wa tatu niliposhindwa karo na kufungiwa nje ya mtihani, alinilaza sakafuni chumbani kwake muhula mzima. Hakuniuliza nitaondoka lini. Asubuhi aliacha mkate nusu mezani na kusema ameshiba. Nilikuwa namwamini.

Baadaye yeye akamaliza chuo, mimi sikumaliza, na sote tukaishia tukitafuta kazi zile zile. Mwaka huu akaanza kukohoa. Wiki ya kwanza ni vumbi. Ya pili ni baridi. Ya tatu tuliongea kwa simu, akakohoa hadi nikaisogeza mbali na sikio, nikamwambia, "Buda, unakohoa kama tingatinga." Akacheka. Nikacheka. Akasema ataenda hospitali akilipwa Jumatatu. Nikamwambia poa.

Hiyo poa nimeirudia kichwani mara nyingi. Siku hiyo nilikuwa na shilingi 1,800. Nilijua bili ya kliniki ya mtaani haizidi hapo. Lakini nilikuwa naziwekea kodi, na yeye hakuomba, na vijana tuko na desturi hii ya kuheshimiana kwa kutoulizana. Jumatatu hakulipwa. Alhamisi jirani alivunja mlango. Ijumaa usiku nimonia ikammaliza, akiwa kitandani hospitalini, na daktari akasema maneno ambayo madaktari husema: angekuja mapema.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba wapagazi walikufa kwa kifua kwa sababu mtu fulani ofisini alihesabu bei ya blanketi akaona ni kubwa, ninataka kukasirika na Mwingereza. Na ninakasirika. Halafu nakumbuka nami nilihesabu.

Sijilinganishi naye. Yeye alikuwa na jeshi, sheria na kiboko. Mimi nilikuwa na 1,800. Lakini hesabu ya kusema "huyu atavumilia" ninaijua ilivyo ndani ya kichwa. Haina ubaya wowote usoni. Inasikika kama busara.

*

Mkuu wa kikosi cha wapagazi, Oscar Watkins, alianza kuwasajili watu wake: namba, kisahani cha chuma, alama za vidole. Lilikuwa jambo la maana, kwa sababu ndilo lililowezesha kujua nani kafa na mshahara wake uende kwa nani. Wengi hawakupatikana wenyewe wala jamaa zao. Mishahara ya waliokufa ikabaki kwenye vitabu bila wenyewe, na serikali zikabishana miaka nani aibaki nayo.

Kazi hiyo ya kusajili ilizaa mtoto mwingine. Sheria ya usajili ilishaandikwa 1915, na vita ilipokwisha ikaanza kutumika: kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 abebe kipande, chenye jina lake, alama za vidole na mwajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Fikiria hilo kidogo. Ukiwa hai na unaweza kufanya kazi, jina lako liliandikwa kwa makini na ukikutwa bila hilo jina unafungwa. Ukifa ukiwabebea mizigo, halikuandikwa kwenye jiwe lolote.

Hilo la pili silisemi kwa hasira tu. Tume iliyoundwa mwaka 1917 kuwazika wafu wa jeshi la Uingereza ilikuwa na kanuni nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo, rangi wala dini. Kwa wapagazi wa huku kanuni ikakunjwa. Maafisa waliamua kwamba sanamu za jumla zinawatosha wote. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti na kukiri kwamba angalau watu 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni Aprili mwaka huo. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 100, na hakukuwa na mama yeyote aliyebaki wa kuombwa radhi.

Sanamu ya Nairobi unaijua. Iko Kenyatta Avenue, katikati ya jiji, iliwekwa 1928: wanaume watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi, na maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Nilikwenda kuitazama siku moja kabla ya mazishi. Wapiga picha wa barabarani waliniuliza kama nataka picha. Maandishi yanawasifu wapagazi kuwa mikono na miguu ya jeshi, na yanawaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Nilizunguka jiwe lote mara mbili. Hakuna jina hata moja.

Kwa wengi wao hata hao wana hawakuwepo. Walikuwa vijana. Ndiyo maana ya kufa mapema: unakufa kabla hujapata watu ambao kazi yao ni kukukumbuka. Wanaobaki ni wazazi, ambao nao wataondoka karibuni, na rika lako. Marafiki.

Na rika lile lilifanya nini? Hilo ndilo nililotaka kujua zaidi, maana nilikuwa natafuta maagizo. Hawakuwa na daktari wa akili wala kikundi cha WhatsApp. Lakini tazama tarehe. Vita inaisha mwishoni mwa 1918. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake Nairobi wanaanzisha chama kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Desemba mwaka huo huo, huko Lundha, vijana wa Nyanza wanafanya mkutano mkubwa wenye malalamiko yale yale. Machi 1922 Thuku anakamatwa, umati unakusanyika nje ya kituo cha polisi, Muthoni Nyanjiru anawaaibisha wanaume waliokuwa wanataka kurudi nyumbani, na polisi wanafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine walisema ni zaidi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Sisemi kila aliyesimama pale alikuwa amebeba mzigo hadi Rufiji. Lakini ilikuwa nchi ambayo karibu kila boma lilimjua mtu aliyekwenda asirudi. Ninavyoona mimi, mtu aliyekwisha kuona maisha ya rafiki yake yakipigiwa bei ya rupia 5 anaporudi nyumbani, hakubali kirahisi ya kwake ipunguzwe tena.

*

Niliandika wasifu mwishowe. Niliacha vile vichwa vya programu. Niliandika mkate nusu. Niliandika kwamba alikuwa anaimba akifua nguo na alikuwa anakosea maneno yale yale kila wiki. Mchungaji aliusoma haraka, lakini kwenye mkate akapunguza mwendo.

Baada ya mazishi nilinunua daftari la kawaida, la mistari, la kurasa 96. Upande mmoja nimeandika majina kamili ya marafiki zangu wawili na kila kitu ninachokumbuka. Upande wa pili, kuanzia nyuma, nimeandika wale watano tulio hai. Aina ya damu, mtu wa kupigiwa simu nyumbani, nani ana pumu, nani anadanganya kwamba ameshakula. Wenzangu walinicheka mwanzoni, wakaniita chifu. Lakini walijaza. Tumewekeana mchango wa shilingi 200 kila wiki, na kazi yake ni moja: mtu akiugua anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hangoji Jumatatu. Umetumika mara mbili tayari. Mara moja ilikuwa gesi tu tumboni. Tulifurahi kupoteza hela ile, hujui.

Mwezi uliopita nilimpelekea mama yake daftari alione. Aliweka miwani, akasoma polepole kidole kikifuata mstari, akacheka mahali pa wimbo. Kisha akaomba kalamu. Katikati ya jina la mwanawe akaongeza jina jingine, ambalo miaka sita ya urafiki sikuwahi kulisikia.

"Hili ni la babu yake," akasema. "Alikuwa halipendi. Lakini ni lake."

Akanirudishia daftari, akanitazama juu ya miwani.

"Na wewe mwanangu, kile kikohozi ulichokuwa nacho siku ya matanga?"

Nilikuwa karibu kumwambia ni vumbi. Nikamwambia nimekwenda kupimwa, na karatasi ninayo mfukoni. Akanyoosha mkono, akataka kuiona.